Mgeni wa Jumatano: Tathmini ya Huduma ya Kutembelea Familia Nyumbani

Nilijiandikisha katika huduma hii nikiwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba haitanisaidia. Mtoto wetu wa pili alikuwa na umri wa miezi 22, hajatamka neno la kueleweka isipokuwa "mama" na sauti moja aliyoitumia kwa kila alichokitaka, na mimi na mume wangu tulikuwa tumefikia hatua ya kusemezana pale tu jambo la watoto lilipotulazimu. Muuguzi wa kliniki ya watoto ndiye aliyetuandikia rufaa, nami nikaikubali zaidi kwa kumwonea haya kuliko kwa kuamini. Miezi 16 baadaye nina mengi ya kuisifu na machache ya kuilaumu, ingawa hayo machache ni mazito. Taasisi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa watumishi wake ni wachache mno kiasi kwamba kuitaja ni sawa na kuwataja wao.

Huduma hii ina sehemu tatu: mhudumu anayekuja nyumbani mara moja kwa wiki kwa muda wa saa moja hivi, kikundi cha wazazi kinachokutana kila baada ya wiki mbili, na msaada wa kuunganishwa na wataalamu wengine inapohitajika. Hailipiwi. Kuingia kwake hata hivyo kunachosha, maana nilieleza historia ya mimba na kuzaliwa kwa mtoto mara tatu kwa watu watatu, na mara zote tatu niliulizwa iwapo alilia mara tu alipozaliwa. Mara ya tatu nilijibu kabla sijaulizwa.

Ziara za nyumbani ndizo roho ya huduma, nami nitazieleza kwa kirefu. Mhudumu wa kwanza alikuja Jumatano saa tatu asubuhi na mfuko mdogo wa kitambaa, akaketi sakafuni, akatoa kikopo cha plastiki chenye mfuniko na vipande vinne vya mbao, kisha akanikabidhi mimi badala ya kumpa mtoto. Nilishangaa. Nilimwambia, "Dada, si ucheze naye wewe unayejua, mimi nikae nitazame?" Akajibu bila kupandisha sauti, "Mama, mimi saa nne naondoka. Wewe ndiye utakayebaki naye." Katika ziara zote zilizofuata sikumwona hata siku moja akimvutia mtoto kwake. Alinifundisha kutazama mtoto anatazama nini, kukitaja kitu hicho kwa neno moja au mawili, kisha kunyamaza na kungoja. Kungoja ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nikiuliza swali na kulijibu mwenyewe kwa pumzi ileile, na nadhani wazazi wengi hufanya hivyo bila kujijua. Mhudumu alizoea kukunja vidole vyake kimojakimoja nyuma ya mgongo wa mtoto ili nihesabu hadi kumi kabla ya kufungua mdomo tena.

Nilipotafuta baadaye kujua chanzo cha mtindo huu, niligundua kwamba haukubuniwa juzi. Katika miaka ya 1986 na 1987, jijini Kingston, Jamaika, watafiti waliwachagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24, wakawagawa katika makundi. Baadhi walipewa lishe ya nyongeza, baadhi walitembelewa na wahudumu wa afya ya jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili, baadhi walipata vyote viwili na wengine hawakupata kimojawapo. Wahudumu wale hawakuwa madaktari, na vitu vingi vya kuchezea walivyotumia vilitengenezwa kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani. Matokeo ya ufuatiliaji yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba, miaka 20 baada ya jaribio, wale waliotembelewa na kuchezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi kwa takriban asilimia 25 kile cha wenzao wasiotembelewa, ilhali lishe ya nyongeza peke yake haikuacha tofauti ya namna hiyo. Baada ya kusoma hayo niliacha kukidharau kile kikopo chenye mfuniko.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningedai kwamba kikopo ndicho kilichomfanya mtoto wetu azungumze. Katika ziara ya pili, mhudumu aligonga kijiko nyuma ya mtoto mara mbili, akaandika jambo, kisha akaniambia kwamba kabla ya kuendelea na mazoezi yoyote ya lugha ni lazima masikio yapimwe. Mwingine angenipa karatasi yenye namba ya simu na kunitakia heri. Yeye alipiga simu mbele yangu, akapata tarehe, na siku iliyofuata miadi akapiga tena kuuliza kama tulikwenda na tumeambiwa nini. Vipimo vilionyesha kwamba mtoto alikuwa na majimaji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, hali inayowapata watoto wadogo wengi na inayoweza kumfanya mtoto asikie kama aliyezamishwa kichwa majini. Matibabu yakaanza, na mazoezi yetu ya sakafuni yakapata mtu anayeyasikia. Kwangu mimi ile simu moja ina thamani kuliko vipeperushi vyote nilivyorundikiwa, kwa sababu mzazi aliyechoka hukosa nguvu ya kuhangaika na milango ya ofisi zaidi ya anavyokosa taarifa.

Jambo jingine lililofanywa kwa ustadi ni mazungumzo ya usiri. Wazazi wengi huogopa kwamba anayekuja kusaidia amekuja kuchunguza, na kwamba sentensi moja iliyoponyoka itawapokonya watoto wao. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya fomu yoyote, mhudumu alieleza nini kitabaki kati yetu, nini kitaandikwa katika faili, na nini analazimika kukipeleka mbele hata kama nitamsihi asifanye hivyo, yaani dalili ya mtoto kuumizwa au kuwa hatarini. Aliyasema kwa maneno mepesi, akaniuliza nimeelewaje. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 19, unazitaka nchi zimlinde mtoto dhidi ya ukatili na papo hapo ziweke mipango ya kuwasaidia wanaomlea. Ulinzi na msaada vimewekwa katika kifungu kimoja. Huduma isiyoeleza namna inavyoviunganisha huwafanya wazazi wafiche mambo ambayo ndiyo yaliyopaswa kusaidiwa.

Nije kwenye malalamiko. La kwanza linamhusu baba. Kifungu cha 18 cha mkataba huohuo kinasema kwamba wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja katika malezi ya mtoto, lakini fomu za huduma hii zilikuwa na nafasi ya jina la mama, simu ya mama na hali ya afya ya mama, na baba aliwekwa chini kabisa pamoja na "watu wengine wanaoishi nyumbani". Ziara zilipangwa katika saa za kazi tu. Mume wangu alifanikiwa kuwapo mara mbili katika miezi 16, alipobadilishiwa zamu, na mara zote mbili alishiriki kwa hamu kuliko nilivyotarajia. Alijifunza kungoja haraka kuniliko mimi, jambo alilonikumbusha kwa wiki nzima. Ziara moja kwa mwezi iliyopangwa jioni ingetosha kuibadilisha nyumba yetu mapema zaidi.

Kikundi cha wazazi kilikuwa cha kadiri. Mwezeshaji alisoma kutoka kwenye kitini, ukurasa baada ya ukurasa, kuhusu hasira za watoto na njia za kurekebisha tabia bila kipigo, na mada hizo ambazo kila mmoja wetu alikuwa na kisa chake hazikuachiwa nafasi ya visa. Chumba kilikuwa na kona ya watoto iliyosimamiwa vizuri, na hilo nalipongeza, kwani mzazi hawezi kusikiliza huku akimkimbiza mtu mwenye umri wa miaka miwili. Manufaa halisi yalipatikana baada ya kikao, tukiwa tunasubiriana mlangoni. Palikuwa na mama mtu mzima aliyekuwa akilea wajukuu watatu, sote tukimwita Bibi, ambaye alinieleza kwa dakika tano jinsi anavyompatia mtoto mkubwa nusu saa yake peke yake kila siku ili asimchukie mdogo anayeumwa. Kitini kilikuwa hakijafika huko hata baada ya vikao sita. Shirika la Home-Start, lililoanzishwa na Margaret Harrison mjini Leicester, Uingereza, mwaka 1973, lilijengwa juu ya jambo hili hasa, kwamba mzazi aliyekwisha kupita njia anaweza kumfaa mzazi aliye njiani. Inashangaza kwamba huduma yetu ilikuwa na watu kama Bibi chumbani na ikawaketisha kama wanafunzi.

Tulifanyiwa pia kikao kimoja cha familia, mama mkwe na kaka yangu wakiwamo, ili kupanga nani atasaidia nini. Wazo la vikao vya namna hii lilipata nguvu ya kisheria New Zealand mwaka 1989, likichota katika desturi za Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na msingi wake mmojawapo ni kwamba wataalamu wakishatoa taarifa hutoka nje na kuiacha familia ijadiliane yenyewe. Katika kikao chetu hakuna aliyetoka. Mama mkwe, ambaye nyumbani hashindwi kusema, alikaa kimya saa nzima akiitikia kila lililopendekezwa, na tulipofika nyumbani ndipo kikao cha kweli kilipoanza.

Malalamiko makubwa nimeyaweka mwisho. Katika mwezi wetu wa tisa wa huduma, mkataba wa mhudumu wetu ulimalizika na haukuhuishwa. Tulijulishwa kwa ujumbe mfupi wa simu. Kwa wiki tatu hakuja mtu, na mtoto, ambaye kwa wakati huo alikwisha kupata maneno kama thelathini, kila Jumatano alikwenda mlangoni na kikopo chake. Kisha akaja mhudumu mpya, dada mwenye heshima na elimu nzuri, akafungua daftari na kuniuliza kama mtoto alilia mara tu alipozaliwa. Simlaumu yeye. Nawalaumu waliopanga huduma kana kwamba kinachoifikisha ndani ya nyumba ni ratiba. Wauguzi waliokuwa wakiwatembelea kina mama katika jaribio lililoanza Elmira, jimbo la New York, mwaka 1977, walianza wakati wa ujauzito na kuendelea hadi mtoto alipotimiza miaka miwili, na mpango huo ulitegemea uhusiano uliojengwa polepole kati ya mama na muuguzi anayemjua. Mambo niliyomwambia mhudumu wa kwanza kuhusu ndoa yangu nilimwambia katika ziara ya kumi na moja. Kwa wa pili sikuwahi kuyasema, si kwa kutomwamini, ila miezi iliyobaki haikutosha.

Juu ya majengo nitasema kidogo. Ofisi iko mahali pamoja, kikundi kinakutana pengine, na kliniki iko mbali na vyote viwili. Uingereza iliwahi kuweka huduma za namna hii chini ya paa moja kupitia mpango wa Sure Start ulioanza mwaka 1999, na watafiti wa IFS, taasisi ya utafiti wa uchumi ya nchini humo, waliripoti mwaka 2024 kwamba watoto waliokulia karibu na vituo vya mwanzo vya mpango huo walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya umri wa miaka 16, hususani waliotoka katika familia zenye kipato kidogo. Vingi vya vituo hivyo vilikuwa vimekwisha kufungwa matokeo hayo yalipotoka.

Je, ningemshauri mzazi mwingine ajiandikishe? Ndiyo, na asingoje hadi nyumba iwake moto, kwa kuwa huduma hii hufanya kazi vizuri zaidi kwa familia ambayo bado ina nguvu ya kucheza. Ila katika simu ya kwanza aulize mambo ambayo mimi sikuyauliza: mhudumu atakayekuja ana mkataba wa muda gani, akiondoka atamkabidhi nani na kwa njia gani, ziara za jioni zinawezekana au la, na kama familia inaruhusiwa kupata nakala ya faili lake. Hilo la mwisho niliuliza nilipokuwa naaga, na nakala ikanifikia baada ya barua mbili. Ukurasa wa kwanza, wenye tarehe ya ziara ya kwanza, una mwandiko wa yule mhudumu aliyeondoka: "Mama amechoka sana. Anacheka akimzungumzia mtoto mkubwa. Nianzie hapo." Chini yake ameeleza masikio, kikopo, kuhesabu kwa vidole, na hata saa ambazo baba anapatikana. Mhudumu wa pili aliniambia hakuwahi kupewa faili hilo. Lilikuwa kabatini, ofisini, kwa wiki zote tatu tulizokuwa tukingoja mtu.