Tiketi ya kawaida, jukwaa la wenyeji: uzoefu wangu Namboole, Kitende na Lugogo

Ninachokipima hapa ni tiketi ya kawaida, ile isiyouliza wewe ni wa timu gani. Unalipa, unaingia, unakaa panapopatikana, na mara nyingi panapopatikana ni katikati ya watu waliokuja kuiombea timu yako ifungwe. Nimeitumia Namboole, Kitende na Lugogo, viwanja vya Kampala na jirani yake nchini Uganda, kwenye ligi na kwenye mechi za kimataifa, nikiwa upande wa wageni, na ningeikata tena kesho. Ila si kwa kubahatisha. Dakika tisini zenyewe hazina matata. Matata yako getini, kwenye sekunde chache baada ya goli lenu, na kwenye ngazi za kutokea, na karibu yote yanategemea ulichagua kukaa wapi.

Nianze na jezi, maana hapo wengi hukosea kabla hawajatoka nyumbani. Usiangalie rangi ya timu yako peke yake, angalia na ya mwenyeji. Vipers, wenyeji wa Kitende, wanavaa nyekundu. Simba ya Tanzania nao ni wekundu, na walipokuja Kitende Februari 2023 kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika wakashinda 1–0, hiyo ilikuwa mechi ya wekundu kwa wekundu. Shabiki wa namna hiyo anamezwa na jukwaa, na watu hudhani ni nafuu. Si nafuu. Wenyeji watakuchukua kama mwenzao, watakupa karanga, watakueleza siri za kocha wao, kisha goli linaingia unaruka peke yako. Hapo hasira yao si ya goli tu, ni ya kuhisi wamedanganywa. Ni heri ujulikane tangu unapokaa. Yanga akija Lugogo kwa KCCA, klabu ya Kampala, ana mtego huohuo, kwa sababu njano yake inafanana na ya wenyeji. Kwenye timu za taifa, jezi nyekundu ya Harambee Stars inaweza kupotea kwenye nyekundu, njano na nyeusi za Cranes, timu ya taifa ya Uganda. Bluu ya Taifa Stars haijifichi popote.

Kwa hiyo mimi huvaa jezi, na juu yake kizibao chenye zipu kisicho na rangi ya timu yoyote. Njiani na getini zipu imefungwa. Nikishafika kitini naifungua, majirani waone, wanitanie, tumalizane. Filimbi ya mwisho ikikaribia naifunga tena. Skafu ni bora kuliko bendera kubwa, kwa kuwa bendera inamziba aliye nyuma, na ugomvi mwingi wa jukwaani huanza na mtu kuzibwa, si na timu.

Getini, Kiswahili ni mtaji. Polisi na wanajeshi wa Uganda wanakitumia kazini, na askari akisikia salamu ya Kiswahili safi mara nyingi uso unalegea. Mwambie wazi kwamba wewe ni wa timu ngeni na umuulize wageni wenzako wanaingilia mlango gani. Kwenye mechi kubwa mara nyingi kuna kona iliyotengwa hata kama haikuandikwa kwenye tiketi. Ukipanda jukwaani, mtaji huohuo unahitaji adabu. Kwa Waganda wengi wa umri mkubwa Kiswahili kiliwahi kuwa lugha ya mwenye bunduki, enzi za utawala wa Idi Amin, na sauti ya kuamuru kwa Kiswahili haipendezi masikioni mwao. Tanguliza maneno ya heshima ya Kiganda, «ssebo» kwa mwanaume na «nnyabo» kwa mwanamke, kisha endelea na Kiswahili chako taratibu. Vijana wa Kampala wengi wanakisikia hata kama hawakiongei. Ukisema «mpola mpola» pale watu wanaposukumana, utaona mabega yanashuka. Ni polepole yetu hiyohiyo.

Tiketi ya simu nzuri, ila piga picha ya skrini ya ule msimbo ukiwa bado mjini. Karibu na uwanja mtandao unaelemewa, na mtu anayehangaika kufungua ujumbe mbele ya foleni, huku jezi ya wageni ikichungulia shingoni, anajitafutia kelele. Noti ndogo, za 1,000, 2,000 na 5,000, ziweke mfuko wake peke yake. Ukitoa noti ya 50,000 katikati ya msongamano umewaonyesha watu wote uliko mfuko wako. Chupa na miavuli hesabu kwamba vitabaki nje.

Sasa kiti, na hapa naomba unisome polepole.

Namboole, yaani Uwanja wa Taifa wa Mandela, ulifunguliwa mwaka 1997 na unachukua watu takriban 45,000. Kati ya jukwaa na nyasi ipo njia ya riadha, kwa hiyo safu za chini kabisa ni mbaya mara mbili: uko mbali na mpira, na wapiga vuvuzela wanasimama mbele yako mchezo mzima. Safu za juu kabisa zinaona vizuri lakini kushuka ni safari. Mimi hutafuta theluthi ya kati, kiti cha pembeni kinachogusa ngazi, upande wa kushoto au wa kulia wa kundi la wenyeji, si kitovuni. Kitovu ni pale penye ngoma. Ukisikia ngoma, hesabu angalau safu kumi kutoka hapo, ama acha ngazi mbili katikati. Wanaozunguka ngoma hawakai chini, na wanataka kila aliye karibu aimbe. Asiyeimba anaonekana.

Kiti cha ngazini kina sababu tatu. Una jirani upande mmoja tu, kwa hiyo ni mtu mmoja wa kupatana naye badala ya wawili. Unaweza kuondoka bila kuwapita watu magotini. Na askari au mhudumu akipanda, anakuona. Kasoro yake ni kwamba wapita njia watakukanyaga vidole na wauza njugu watakuegemea. Vaa viatu vya kufunika.

Usikae moja kwa moja chini ya ukingo wa safu za juu, kwa sababu kinachorushwa hushuka hapo: maganda, vikombe, maji ambayo siku nyingine si maji. Kama mechi ni ya saa kumi jioni, kumbuka pia kwamba jukwaa linalotazamana na lile kuu lina jua usoni kipindi chote cha pili, na kofia yenye ukingo ina thamani kuliko kitu kingine chochote utakachobeba. Jua la Kampala linazama karibu na saa moja kasoro mwaka mzima, hakuna msimu wa kulikwepa.

Lugogo ni jambo jingine. Uwanja wa Phillip Omondi ni mdogo, nyasi zake ni za bandia, na mchezaji wa pembeni anakusikia ukimtaja. Hapo umbali wa safu kumi kutoka kwenye ngoma haupo. Ninachofanya ni kuchagua usawa wa benchi la ufundi la timu yangu, kwa sababu polisi na wasimamizi husimama karibu na mabenchi, na wenyeji wa eneo hilo wamezoea kuona jezi za wageni. Kitende nako jukwaa liko karibu na mpira, na kelele zinakaa ndani. Ni uwanja mzuri kwa macho, lakini utani unarushiwa masikioni, si kwa mbali.

Idadi mnayokaa nayo ina uzito. Wawili mpaka wanne ni wageni, wanakaribishwa. Wakifika sita, mmoja lazima ataanzisha wimbo, na wimbo ukishaanza nyinyi ni kundi, tena kundi dogo kuliko yote uwanjani. Mkiwa wengi hivyo, msikae kwa wenyeji. Ombeni kona yenu mapema, kabla uwanja haujajaa.

Goli lenu likiingia, kuna sekunde kama tano ambazo jukwaa lote limenyamaza, na ndizo za hatari. Kila jicho linatafuta nani anafurahi. Ukiruka na mikono juu ukigeukia nyuma, umemtazama mtu usoni wakati moyo wake umevunjika. Inuka kama unataka, lakini uso ubaki kiwanjani. Ngumi moja kifuani, kaa. Subiri mpira uwekwe katikati, jukwaa likianza tena kumlaumu beki wao, hapo unaweza kucheka na jirani na atacheka nawe. Zaidi ya yote, usishangilie kabla hujaona bendera ya mshika kibendera. Goli la kuotea ulilolirukia wewe peke yako litakugharimu robo saa ya kejeli, na unaistahili.

Wao wakifunga, mambo ni mepesi. Watasimama wote, watasimama hata juu ya viti, na utasikia «Tubakubye!», tumewapiga. Simama nao, si kwa kushangilia bali kwa kujikinga: aliyeketi ndiye anayeangukiwa na aliyepoteza kiti. Simu iwe mfuko wa mbele wenye zipu kabla ya kona na mipira ya adhabu, kwa kuwa mikono ya wezi hufanya kazi wakati mikono mingine yote iko juu. Mwenyeji mwema atakuambia «bambi», yaani masikini wee, na anamaanisha. Pokea.

Kuna mtu mmoja wa kumtazama kuliko mwenye ngoma: mwenye mkeka. Anavaa jezi ya wenyeji, lakini macho yako kwenye simu zaidi kuliko mpira. Amebeti, na hasira yake haifuati rangi. Mkeka wake ukichanika kwa goli lenu la dakika ya 89, utani wote mliojenga tangu mapema umekwisha. Ukimgundua, usimuulize ameweka kiasi gani. Hama safu wakati wa mapumziko.

Na mapumziko yenyewe: tiketi nyingi za kawaida hazifuati namba ya kiti hata kama namba imeandikwa. Mkiondoka wote wawili, mtakuta watu wengine wamekaa. Choo ni dakika ya 38 mpaka 40, au vumilia. Mmoja abaki.

Kuhusu kuondoka, ushauri wa kawaida ni kutoka dakika ya 85 kabla ya msongamano. Siukubali kila mara. Agosti 2025, kwenye CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Uganda walikuwa nyuma kwa Afrika Kusini pale Namboole wakarudisha kwa penalti mbili za lala salama, ikaisha 3–3, na sare hiyo ikawatoa wageni mashindanoni. Aliyekuwa ngazini dakika hiyo hakuona mpira, na alikuwa mahali pabaya zaidi pa kuwa: kwenye ngazi nyembamba wakati watu wanarudi mbio juu kutazama. Sheria yangu ni hii: kama tofauti ni goli moja au hakuna, kaa. Ikiwa ni matatu, toka dakika ya 80, si ya 85, kwa sababu wenyeji nao huanza kutoka hapo. Ukikaa, kaa kweli, dakika 20 hadi 30 baada ya filimbi. Ngazi za jukwaa hukusanya safu nyingi kwenye mdomo mmoja, na shinikizo hutoka kwa walio nyuma wasioona mbele kumekwama. Aliye katikati hana kosa wala nafasi. Usikubali kuwa huyo.

Nimeona kwamba wenyeji wakipoteza, hasira yao haimfuati mgeni. Inamfuata kocha, mwamuzi, na viongozi wa soka. Oktoba 2011 Kenya walitoka sare ya 0–0 Namboole na Uganda wakakosa Kombe la Afrika la 2012. Siku kama hiyo ndiyo ya kufunga zipu na kunyamaza njia nzima, kwa heshima ya msiba wa watu. Ni mgeni mwenye mdomo anayegeuza msiba kuwa ugomvi.

Usafiri: kwenda Namboole, panda teksi (daladala za huko) za Barabara ya Jinja zinazopita Bweyogerere. Kurudi, usisubiri gari geti la uwanja. Tembea kwanza mpaka mbali na msongamano ndipo uite boda, na mwelewane bei kabla hujapanda. Kitende iko Barabara ya Entebbe, mbele ya Kajjansi ukitoka Kampala. Barabara hiyo hufungana jioni ya kawaida, sembuse ya mechi. Lugogo ni rahisi, unaweza hata kutembea mjini kukiwa bado na mwanga. Wakenya wanavuka Busia na Malaba kwa kitambulisho cha taifa. Wanaotoka Tanzania kupitia Mutukula wabebe pasipoti. Kadi ya homa ya manjano ibebeni wote. Msikate basi la usiku uleule wa mechi ya saa mbili.

Kwa mwenye mtoto wa chini ya miaka kumi, au mzee asiyeweza kusimama, tiketi ya kawaida siipendekezi kabisa, hata mechi ikiwa ya kirafiki. Mtoto wa jezi ngeni atapendwa na jukwaa zima, atapewa gonja (ndizi za kuchoma) na kupakatwa, lakini goli likiingia hakuna atakayekumbuka kwamba yuko pale chini kwenye miguu. Ongeza pesa, mpeleke VIP, mketishe ukutani, wewe kaa upande wa ngazi.