Kushinda mnada si kulipa: miaka minne ya kuuza stempu mtandaoni nikiwa Mombasa

Marehemu ami yangu aliniachia albamu saba za stempu na kijisanduku cha bahasha kuukuu. Alikuwa karani bandarini Kilindini, na stempu alizipata kwa mabaharia, kwa wenye maduka ya Biashara Street na kwa kila mtu aliyekuwa na ndugu ng'ambo. Zilikaa juu ya kabati miaka mingi. Mwaka 2021 nilipokosa kazi nilizipeleka kwa muuza vitu vya kale mmoja hapa mjini. Akafungua ukurasa wa stempu za twiga, zile za Tanganyika za mwaka 1922, akaniambia atanipa shilingi 500 kwa ukurasa mzima. Nikafunga albamu, nikarudi nayo nyumbani. Wiki hiyohiyo nilijiandikisha kwenye mnada wa mtandaoni wa wakusanyaji.

Jina la soko hilo silitaji, wala la kampuni ya malipo inayofanya nalo kazi, kwa kuwa niliyoyapata mimi nimeyasikia pia kwa wauzaji wa masoko mengine. Lijulikane tu kwamba si ule mnada mkubwa wa Marekani ambao kila mtu anaujua. Ni soko dogo la Ulaya la stempu, sarafu na kadi za posta. Nimeuza hapo vitu 340 na kidogo.

Nianze na lililo zuri, maana lipo na ni kubwa. Ukurasa ule wa twiga uliuzwa yuro 31. Unapiga picha mbele na nyuma, unaandika maelezo, unaweka bei ya kuanzia, mnada unakwenda siku kumi. Mnunuzi haweki dau mojamoja kama kwenye mnada wa barabarani. Anaandika kiwango chake cha juu kabisa, ambacho wenzake hawakioni, na mfumo unampandishia hatua kwa hatua kila anapozidiwa. Ndiyo maana kitu kinaweza kulala na yuro 4 siku tisa, kisha dakika ya mwisho watu wawili wakavaana na bei ikapanda mara tano. Usiku wa kwanza nilioyaona hayo sikulala. Kuna watu Ujerumani, Uingereza na Australia wanaozijua stempu za pwani yetu kuliko sisi tuliozaliwa nazo, na wako tayari kutoa pesa.

Nilipoanza nilidhani kazi ngumu itakuwa kupata wanunuzi. Wanunuzi walikuja wenyewe. Kazi ngumu imekuwa kulipwa, na ukishalipwa, pesa zibaki kuwa zako.

Bahasha moja ya Unguja yenye muhuri safi wa posta iligombewa na watu wawili mpaka yuro 64. Aliyeshinda akanyamaza. Kanuni ya soko letu inasema muuzaji asubiri siku nane, atume kikumbusho, kisha afungue lalamiko na kusubiri siku saba nyingine. Baada ya hapo unarudishiwa kamisheni, basi. Nilimwandikia mtu wa pili, akanijibu kwa adabu kwamba ameshanunua nyingine. Nikainadi upya, ikaishia yuro 22. Mkusanyaji mmoja alinieleza sababu: kitu kikirudi mnadani, wanaokifuatilia hudhani aliyekishinda amekikagua akakuta kasoro, kwa hiyo kila mtu anarudi nyuma. Mimi nikapoteza yuro 42, na yule bwana hakupata hata doa kwenye jina lake, kwa sababu kwenye soko hili muuzaji haruhusiwi kumpa mnunuzi alama mbaya.

Jambo hili lina historia yake. eBay, ule mnada mkubwa wa Marekani, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, ilijengwa juu ya wazo kwamba mnunuzi na muuzaji wasiojuana watapeana alama na hivyo kuaminiana. Mwaka 2008 iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama mbaya. Hoja yake ilikuwa na uzito: wanunuzi walikuwa wanaogopa kusema ukweli, wasije wakalipiziwa na muuzaji. Masoko mengine yamefuata njia hiyo. Naielewa hofu ya mnunuzi, maana nami hununua. Lakini dau ni ahadi, na ahadi isiyo na gharama kwa anayeivunja inalipiwa na mwingine. Katika mauzo yangu yote, walioshinda wasilipe ni 19. Si wengi, ila karibu wote ni kwenye vitu vya bei ya juu, palepale panapouma.

Sasa njia za malipo, na hapa nitakaa kidogo.

Uhamisho wa benki ndio ambao wanunuzi wa Ulaya wanaupenda kwa sababu wao kwa wao ni bure au karibu na bure. Fomu ya soko inamtaka muuzaji ajaze IBAN, yaani namba ya kimataifa ya akaunti ya benki. Kenya hatutumii IBAN. Tuna namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT unaoitambulisha benki, mwisho. Nilijaza, fomu ikakataa. Nikawaandikia, wakanijibu niulize benki yangu. Nikaenda benki, binti wa kaunta akanijibu kwa upole, "Kaka, hiyo namba haipo hapa kwetu." Ilichukua wiki tatu na barua pepe sita mpaka mtu mmoja huko akakubali kuandika maelezo ya akaunti yangu kwa mkono. Hata hivyo, pesa za SWIFT hupitia benki ya katikati, na kila anayezigusa anachota. Nimewahi kutumiwa yuro 40 zikaingia chini ya 26. Kwa stempu, uhamisho wa namna hiyo una maana tu kiasi kikiwa kikubwa.

Hundi nilipokea moja tu, kutoka Uingereza, kwa mzee asiyetaka kusikia habari ya kadi. Kukusanya pesa zake kulichukua wiki na benki ikatoza ada yake. Wako pia wanaotia noti ndani ya bahasha na kuituma kwa barua ya kawaida, desturi ya zamani ya wakusanyaji. Nimeikataa. Barua ikipotea hakuna wa kumuuliza.

M-Pesa haimo kabisa kwenye orodha ya soko. Nina mnunuzi wa Nairobi ambaye angenilipa kwa sekunde kumi. Badala yake pesa zake zinatoka Nairobi, zinakwenda Ulaya, zinakatwa, zinarudi Mombasa zimekonda. Na kulipana nje ya soko hairuhusiwi, unafungiwa akaunti. Sijawahi kufanya hivyo. Sharti lao nililisoma nikalikubali, na bila soko hilo huyo bwana nisingemjua.

Inabaki pochi ya mtandaoni, yaani akaunti kwenye ile kampuni ya malipo, ndiyo inayobeba mauzo yangu karibu yote. Hesabu ya bahasha moja ilikuwa hivi. Iliuzwa yuro 42, mnunuzi akaongeza 6 za posta, jumla 48. Pochi ilikata asilimia 4.4 ya zote 48, posta ikiwemo, pamoja na senti 35 za kila muamala: yuro 2.46. Soko likachukua kamisheni ya asilimia 5 ya bei, yuro 2.10. Kubadilisha kuwa shilingi, kwa kiwango cha chini kuliko cha benki, kulikula karibu yuro 1.75. Posta ya rejista ikala zile 6. Mkononi zilibaki kama yuro 35.70. Asilimia 15 ilikuwa imekwenda, na sijahesabu bahasha ngumu wala nauli ya matatu.

Hiyo ni kwa kitu cha bei nzuri. Stempu ya yuro 1.50 inapoteza zaidi ya theluthi kwa sababu ya zile senti 35 ambazo hazijali ukubwa wa kitu. Anayeanza ajue hili kabla ya kuweka stempu mojamoja kwa bei ya njugu. Mimi sasa naziuza kwa mafungu, na wanunuzi nawaomba wasubiri washinde vitu kadhaa ndipo walipe kwa pamoja. Wengi wanafurahi kwa kuwa nao wanaokoa posta.

Kisha pesa zenyewe hazitoki. Miezi minane ya kwanza, kila malipo yalizuiwa siku 21 au mpaka mnunuzi aseme kitu kimefika. Kwenye akaunti unaziona, unaambiwa ni zako, na posta unalipa kwa pesa za mfukoni. Kuna mwezi nilikuwa na yuro 190 zilizozuiwa na sina pesa za kutuma barua nne. Kuzuia pesa za muuzaji mgeni sikupingi, maana matapeli wapo. Ninachopinga ni kutoambiwa kizuizi kinaisha lini kwa jumla. Kwangu kiliisha siku moja bila neno, kama kilivyoanza.

Lililoniumiza zaidi ni la seti ya Jamhuri. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Unguja ilikuwa na stempu za Sultani ambazo haikutaka kuzitupa, zikagongwa maneno JAMHURI 1964 kwa muhuri wa mkono. Kwa kuwa ni mkono, nyingine zimegongwa mshazari, nyingine juu chini, na hizo za juu chini zina watu wao. Kwenye seti ya ami yangu ile ya shilingi 10 ilikuwa juu chini. Nikaipiga picha kwa karibu, nikaandika wazi. Seti ikafika yuro 76.

Mnunuzi alilipa siku hiyohiyo. Baada ya kuipokea akafungua lalamiko kwamba muhuri ni wa kughushi. Mihuri hiyo hughushiwa kweli, kwa hiyo sikukasirika. Nikamwambia airudishe, nimrudishie pesa. Seti ilirudi, na ile ya shilingi 10 muhuri wake umesimama sawa. Si stempu yangu. Niliweka picha mbili kando kwa kando, ya tangazo na ya kilichorudi. Hata mtoto angeona. Jibu likaja baada ya siku 19: picha za muuzaji hazithibitishi alichotuma, na namba ya kufuatilia inaonyesha kifurushi kimerudi, kwa hiyo mnunuzi arudishiwe zote, pamoja na posta. Ada ya muamala wa kwanza haikurudi.

Niliwaandikia mara mbili tena. Si kwa ajili ya yuro 76 peke yake. Ami yangu aliikata stempu hiyo kwenye bahasha aliyopewa na rafiki yake wa Malindi, pale Unguja, na alikuwa akituonyesha sisi watoto kwa kibano, tusiiguse. Ningeiuza kwa mtu aliyeitaka na moyo wangu ungetulia. Kuibiwa ni jambo jingine. Na aliyenijibu alikuwa na picha zote mbili mbele yake.

Tangu siku hiyo kila kitu cha zaidi ya yuro 30 nakitia kwenye bahasha mbele ya kamera ya simu bila kukatiza video, kuanzia stempu ikiwa mkononi mpaka pale dada wa kaunta ya rejista, Posta ya Digo Road, anapobandika namba yake, ile inayoanza na RR na kuishia na KE. Ameshanizoea. Siku hizi huniuliza, "Haya, hii ya leo yaenda wapi?" Mara mbili video hiyo imeniokoa. Vitu vya zaidi ya yuro 60 sivinadi tena. Naviweka kwa bei moja isiyobadilika, na mfumo haumhesabu mtu kuwa mnunuzi mpaka alipe. Napoteza ile bahati ya dakika ya mwisho, lakini tangu hapo hakuna aliyeninyamazia.

Ningelipatia soko hili nyota nne kwa kuuza na mbili kwa kulipwa. Mwenye albamu za wazee nyumbani, na subira, ningemwambia ajaribu. Mwenye kutegemea pesa hizo kwa kodi ya mwezi huu ningemwambia asithubutu.

Yuko mzee mmoja wa Ujerumani, anakusanya mihuri ya posta ya Lamu tu. Mara ya kwanza pesa zake za benki zilipoingia pungufu nilimweleza, si kwa kumdai, nikimjulisha tu. Akaniandikia kwamba kwenye fomu ya benki yake kuna sehemu ya kuchagua nani abebe gharama zote za njiani, na kwamba alikuwa hajawahi kuiangalia. Mwezi uliopita amenunua bahasha tatu kwa mkupuo. Pesa ziliingia siku ya nne, hazikupungua hata senti.