Uliza maji kabla ya kulipa: siku moja Ghuba ya Menai na watu nisiowajua

Mimi ni mtu wa Ukerewe, Ziwa Victoria. Nimekulia kisiwani, nimevuka maji kwenda hospitali, kwenda mnadani, kwenda kuripoti kituo cha kazi. Mtu akiniambia nitoe pesa nipakiwe kwenye chombo, nizungushwe visiwani halafu nirudishwe nilikotoka, jibu langu la kwanza ni kicheko. Lakini mwanzoni mwa Julai tulimwoza mpwa wangu Unguja, shule zimefungwa, na wifi yangu akaniambia, "Wifi, umekuja mpaka huku, utarudi Nansio uwaambie umeona masufuria tu?" Akanilipia nusu. Nusu yangu ilikuwa shilingi 50,000, na humo mna usafiri wa kutoka mjini, chombo, miwani ya maji, chakula na matunda. Wageni wa nje, kwa nilivyowasikia wakisimuliana, walilipa zaidi ya mara mbili ya hapo. Sikuwaonea huruma sana.

Kampuni siitaji. Wanaofanya safari hii Fumba, kusini mwa Unguja kwenye Ghuba ya Menai, ni wengi, na mengi nitakayoyasema nadhani yanawahusu wote.

Gari lilitukusanya Darajani saa mbili, tukashuka kusini, tukapita uwanja wa ndege na yale majumba mapya, mpaka mwisho wa rasi. Pale ufukweni tulikuwa kumi na wanne. Baba mmoja wa Nakuru na watoto watatu. Maharusi wa Arusha ambao hawakuachiana mikono hata wakati wa kuvaa viatu. Mabinti wawili wa Kijerumani, kundi la vijana wa benki kutoka Dar, na mzee mmoja wa Muscat na binti yake. Mzee alipofungua mdomo nikashtuka, maana Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu na mimi ndiye mwalimu. "Mie nimetoka hapa kijana mdogo," alisema, "lakini maneno sikuyaacha bandarini."

Sasa shida ya kwanza. Ratiba niliyotumiwa kwenye WhatsApp ilisema: saa tatu na nusu kuondoka, saa tano fungu la mchanga, saa sita kuogelea kwenye mikoko, saa saba chakula. Haikusema habari ya maji. Nami sikuuliza, kwa sababu kwetu maji hayana habari. Ziwa letu likipanda, kama lilivyopanda mwaka 2020 likala mashamba ya watu, linakaa huko huko miezi na miezi. Haliondoki asubuhi likarudi jioni. Hapa nilikuta chombo kimesimama mbali kabisa, kadogo kama cha kuchezea, na katikati yetu na chombo hakuna bahari. Kuna tope, mawe, majani na kina mama wanaokota chaza.

Ilikuwa bamvua. Neno nilikuwa nalijua la kamusini, siku ile nililijua kwa miguu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya Unguja hutoka sana na kuingia sana. Kati ya kupwa na kujaa yanaweza kupishana karibu mita nne. Na bamvua ya huku ina saa zake: maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, hujaa alasiri kama saa kumi. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, mambo hugeuka, na bahari haiendi mbali. Kwa hiyo anayekuuzia safari siku ya bamvua anajua kabisa kwamba asubuhi utatembea. Anajua pia kwamba saa sita mikokoni hakuna pa kuogelea. Ni suala la kukuambia tu.

Walitugawia viatu vya plastiki kwa ajili ya mawe na wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Huduma nzuri, isipokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa namba 40. Mimi navaa 42. Kijana akaniambia, "Mama, jaribu tu, vinavutika." Havikuvutika. Nikaenda na kandambili zangu, na karibu na nusu ya njia tope likaivuta ya kushoto, nikainama kuitafuta mpaka kiwiko, sikuipata. Baba wa Nakuru akanishika mkono, mabinti wa Kijerumani wakanibebea mkoba. Tulitembea karibu nusu saa. Nikiri kwamba kufika chomboni tulikuwa tumeshajuana majina, na sidhani kama tungejuana tungepanda gatini moja kwa moja kila mtu na simu yake.

Chombo ni mashua ya mbao yenye tanga, turubai la kivuli na injini ya nyuma. Kabla sijakaa niliuliza maboya yako wapi. Watu wa kwetu hatuoni haya kuuliza. Kivuko chetu cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 2018 kikiwa kinakaribia kabisa kutia nanga kisiwa jirani cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa wakiwa wanaona nyumba zao. Maboya yalikuwepo, lakini yamefungwa fungu moja chini ya benchi kwa kamba yenye fundo la kudumu, na la kwanza nililopewa halikuwa na kishikizo. Nahodha, mtu mzima wa Fumba mwenye kofia, hakuninunia. Alilifungua fungu lote kwa kisu, akagawa, akawaambia na maharusi waachiane kidogo wavae. Hilo lilipaswa kufanyika bila mwalimu kupiga kelele. Lakini lilifanyika. Vijana wa benki walivua yao baada ya dakika kumi ili wapige picha.

Julai ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, na asubuhi tulikuwa tunakwenda nalo uso kwa uso. Mtaloa. Wekeni simu kwenye mfuko wa plastiki. Ndani ya ngama, chini kabisa ya chombo, maji yalikuwa yanaingia kidogo kidogo na baharia mmoja alikuwa anayafua kwa dumu lililokatwa, polepole, kama mtu anayepepeta mchele. Nilipomkazia macho akacheka: "Mbao lazima inywe, mwalimu. Ikikauka ndiyo inapasuka." Kwetu mitumbwi ni vivyo hivyo, nikatulia.

Pomboo tuliwaona, na hapa nataka kumsifu nahodha kwa moyo wote. Ghuba hii ni eneo la hifadhi tangu 1997, lakini hifadhi haina ukuta. Boti nne za injini kubwa zilikuwa zimewazunguka pomboo sita au saba, zikiwakatiza kila wanapoibuka, watu wanarukia majini juu yao. Vijana wetu wakapiga kelele twende. Nahodha akazima injini, tukakaa mbali. Mmoja akanung'unika kwamba amelipia pomboo. Nahodha akamjibu kwa upole wa Kizanzibari unaouma kuliko tusi: "Bwana, umelipia bahari. Pomboo hawamo kwenye risiti." Baada ya kitambo zile boti zikaondoka, na watatu wakapita wenyewe ubavuni mwetu, taratibu, tukisikia pumzi zao. Mtoto mdogo wa Nakuru alinong'ona, "Baba, anapumua kama babu."

Fungu la mchanga ndilo bamvua inalipa deni lake. Maji yakiwa yametoka vile, linatokea fungu jeupe refu katikati ya bahari, unatembea mpaka unachoka. Walitundika kivuli, wakatoa madafu, machungwa, papai na tikiti. Kuna chombo cha kampuni nyingine kilikuja na spika, kikatupigia muziki bila kuombwa. Tukasogea upande wa pili. Nilivaa ile miwani na kibomba cha kupumulia kwa mara ya kwanza maishani. Naogelea tangu utoto, lakini ziwani ukifumbua macho unaona kijani tu. Hapa niliinamisha uso nikaona matumbawe na samaki wa rangi za vitambaa vya harusi, nikasahau kupumua kwa mdomo, nikanywa chumvi. Binti wa mzee wa Muscat alinifundisha upya bila kunicheka.

Choo hakipo chomboni wala funguni. Kipo Kwale, mnakokula, mnafika huko karibu saa saba. Kina mama, madafu yanyweni kwa hesabu.

Kwale ni kisiwa kidogo chenye msitu wa mawe na mbuyu mkubwa ulioanguka zamani, ukalala chini na bado unaota, watoto wanaukwea kama ngamia. Kwa ratiba ya ofisi tulitakiwa kuogelea kwanza kwenye lile dimbwi la bahari lenye mikoko. Kijana wa ofisi aliyefuatana nasi aling'ang'ania ratiba yake. Nahodha akatupeleka tukaone kwa macho: mizizi imesimama mikavu, maji ya magotini, kaa wanakimbizana. "Ofisini wanaandika saa. Mie nafuata maji," akasema. "Kuleni kwanza."

Chakula kilichelewa, kilikuja saa nane. Chipsi baridi, kama chipsi zote zilizosafiri. Yaliyobaki nisiyaseme vibaya: wali wa nazi, changu wa kuchoma, ngisi, kamba, na pweza laini kabisa, na mchuzi wa ukwaju ambao nilirudi nao mara tatu. Mimi mla sato na sangara nilikuja na dharau yangu, nikaila pamoja na pweza. Tulikaa mkekani watu kumi na wanne na sinia za kushirikiana. Mzee wa Muscat alikuwa anamchambulia samaki mtoto wa Nakuru asiyemjua, akimtolea miba, akimsimulia baba yake alivyokuwa na duka la nguo Mkunazini. Mkewe, alisema, ndiye aliyetaka kuja safari hii, akafariki mwaka jana. Alilisema hilo huku akiendelea kuchambua samaki, nasi tukaendelea kula, maana alionekana ndivyo anavyotaka.

Saa tisa tukarudi kwenye mikoko, na pale pa magotini pakawa pamejaa, maji ya kijani safi yanaingia kati ya mizizi kwa nguvu yanakuchukua bila kupiga mkono. Tulijiachia tukaelea kama makuti. Tungefuata ratiba, tungepiga picha ya tope na kwenda zetu.

Kurudi walizima injini wakapandisha tanga, kusi sasa likiwa nyuma yetu. Maharusi walilala. Hakuna aliyeongea sana.

Kwa hiyo nyota, kama mnataka nyota: ofisi naipa mbili, nahodha na watu wake tano, chakula nne bila chipsi. Kama nawe utakwenda, usiulize bei kwanza. Uliza siku hiyo ni bamvua au maji mafu, maji yanapwa saa ngapi, na mikokoni mtaingia kabla ya chakula au baada. Anayekujibu bila kwenda kuuliza ndiye wa kumlipa. Waulize pia kama wana viatu namba 42.

Tulifika Fumba saa kumi na moja. Mashua iliingia mpaka mchangani, pale pale tulipoanzia kutembea asubuhi, nikashuka na mguu mmoja una kandambili na mmoja hauna. Nilimwonyesha yule kijana wa viatu mahali ilipopotelea ya kushoto. Sasa palikuwa na kina cha kuzamisha mtu. Akapaangalia, akaniangalia.

"Kesho saa nne itaonekana, mama," akasema. "Nikuwekee?"

Nikamwachia na ya kulia.