Kliniki ya fiziotherapia Kinondoni: nyota tatu

Nimehudhuria mara 11, kwa hiyo sisemi kwa kusikia. Jina siliandiki, wenyewe wakisoma watajijua. Iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Ngazi ni 42; nilizihesabu kwa sababu kila baada ya kumi nilikuwa nakaa.

Mimi ni fundi cherehani. Daktari alinikuta na fibromayaljia: maumivu mwili mzima zaidi ya miezi mitatu, vipimo vya damu havionyeshi kitu. Akaniandikia mazoezi, na hapo hakukosea. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa 2017 unayapa mazoezi uzito kuliko dawa yoyote kwa ugonjwa huu.

Wiki mbili za kwanza raha tupu. Mtaalamu ana mkono mwepesi, anakuwekea taulo la moto mabegani kabla ya kukunyoosha, na hakuniambia hata siku moja kwamba ni mawazo tu. Nimeambiwa hivyo kwingine, tena na mtu aliyevaa koti jeupe.

Shida ni ile karatasi. Wote tunapewa ratiba moja, imetolewa kopi mpaka herufi zimefifia: baiskeli dakika 10, wiki inayofuata 15, kisha 20. Jumanne ya wiki ya tatu nilimaliza zote 20, nikapigiwa makofi. Jumatano nilishona kama kawaida. Alhamisi mkasi ulinitoka mkononi katikati ya kitenge cha watu, koo likawasha kama la mafua, na jina la mteja wangu wa miaka sita likanipotea huku ananitazama. Nililala siku nne, na kila asubuhi niliamka kama sijalala. Nilipowapigia simu: "Pole dada, usikate tamaa, ongeza kidogo kidogo."

Baadaye daktari alithibitisha kwamba nina ugonjwa wa uchovu sugu pia. Magonjwa haya mawili yanafanana mno, maumivu, usingizi usiopumzisha, kichwa kujaa ukungu, na wapo wengi wenye yote mawili. Ila mwenye uchovu sugu akizidisha, mara nyingi kipigo kinakuja kesho yake au keshokutwa, mtaalamu hayupo kukiona. Uingereza mwongozo wao wa 2021 uliacha kupendekeza mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba kwa wagonjwa hawa. Hapa kwetu lingetosha swali moja: ulipotoka hapa, siku ya pili uliamkaje?

Kijana aliyeajiriwa juzijuzi aliliuliza. Akaikunja ile karatasi, akanipa daftari. Sasa nanyoosha viungo nikiwa nimelala, dakika sita, naacha wakati bado naona naweza. Mabega yamelegea kiasi. Uchovu uko palepale, lakini sijaanguka tena.

Shilingi 35,000 kila mara, bima yangu hailipi. Mkienda, mwulizieni yule kijana, zamu zake ni Jumanne na Ijumaa. Na mpigieni kwanza dada wa mapokezi: anawawekea kiti kwenye kona ya ngazi.