Mkasi wa kupogolea bonsai: kagua nati kabla ya makali

Januari, mvua zilipokolea, niling'oa bogenvilia iliyokuwa uani tangu tuhamie Dodoma. Nilitaka kuifanya bonsai, mti mdogo wa chunguni: shina fupi nene, matawi machache, chungu kifupi. Shina nililikata kwa msumeno, likachipua vizuri. Matawi nikayapunguza kwa mkasi wa shilingi 9,000 nilioununua mjini. Wiki tatu baadaye tawi la kushoto, ambalo ndilo lingeubeba mti wote kwa sura, lilikuwa jeusi mpaka kwenye shina. Nililigusa tu, gome likabanduka kama ganda la ndizi iliyooza.

Makali hayakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa nati ya katikati. Ilikuwa imelegea, kisu na taya (upande wa pili usiokata) vikaachana kidogo, tawi likaingia katikati likapondwa. Bogenvilia mbao zake ni laini. Palipopondwa pananyonya maji na kuoza kushuka chini. Mti wa bustani una matawi mia, utavumilia. Bonsai yangu ilikuwa na matano.

Kwa hiyo rangi na mpini nakuachia mwenyewe. Wewe nenda na karatasi ya daftari, uikate kwa ncha ya mkasi. Ikikunjika na kubanwa katikati, rudisha palepale.

Wa kwanza kwangu ni Felco namba 2, wa Uswisi, na sioni wa kushindana nao. Nati yake ina meno pembeni, unaikaza mwenyewe hadi kisu kisicheze, nayo inabaki hapo. Kisu, springi, kila kipande kinauzwa peke yake. Unakata tawi la hadi milimita 25. Mwenye kiganja kidogo achukue namba 6. Bei ni laki na zaidi, inauma, lakini nimeshalipia tawi langu. Ukikata, upande wa kisu ukae kwenye sehemu inayobaki, taya ikae kwenye inayotupwa.

Wa pili ni Bahco. Mzuri, ila hakikisha nati inakazika kwa spana.

Mikasi ya elfu kumi: epuka iliyopigwa ribiti badala ya nati, na usiguse kabisa ile ambayo kisu kinagonga kitako bapa. Hiyo inaponda hata ikiwa mpya.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Mkasi umefungwa kwenye plastiki ngumu; ukiomba kuujaribu unaambiwa, "Dada, ukifungua umenunua." Nilipourudisha ule wangu nikamwonyesha muuzaji nati inavyocheza, akanijibu mkasi ni mkasi. Duka la pili wakaniletea wenye mipini myekundu, elfu 35, wakaapa ni Felco. Hauna jina popote kwenye chuma. Niliwauliza springi ya akiba inauzwa wapi, wakatazamana.

Sasa karatasi iko kwenye pochi yangu. Nikikatazwa kuitumia, natoka dukani.