Oveni ya mezani ya lita 45: inaweza kuoka shu?

Inaweza kuoka shu (choux, vile vikeki vyepesi vyenye uwazi ndani), na vizuri, ila si kila oveni ya umeme ya ukubwa huo. Kabla hujalipa, zungusha swichi ya kuchagua koili: lazima uweze kuwasha ya juu na ya chini pamoja bila feni. Zile ambazo feni yake haizimiki ziache dukani. Upepo hukausha ngozi ya shu mapema, ndani kukiwa bado kunataka kupanda, na mvuke unajitafutia njia ubavuni. Ekleri, yaani shu ndefu, zinatoka zimepasuka na kupinda.

Shu haina hamira. Kinachoiinua ni mvuke wa maji yaliyomo. Ndiyo maana oveni ina umuhimu mkubwa hapa kuliko kwenye keki ya kawaida.

Kipimo cha kuijaribia: maji mililita 250, siagi gramu 100, unga wa ngano gramu 150, chumvi nusu kijiko cha chai, mayai 4. Siagi ikate vipande vidogo iyeyuke kabla maji hayajachemka, la sivyo maji yatapungua ukiisubiri. Yakichemka tu, mimina unga wote kwa mpigo, usonge kama ugali kwa moto mdogo, dakika 2 hivi, hadi utando mwembamba ushike chini ya sufuria. Ipua, acha ipoe mpaka ushikike bila kuunguza, ndipo utie mayai yaliyopigwa, kidogo kidogo. Yai la mwisho usilimalize kabla ya kupima: inua mwiko, kinyunga kikining'inia kwa ncha ya pembetatu, basi, kimetosha. Kikichuruzika kimeharibika, na kuongeza unga mbichi hakukirudishi.

Sasa oveni yenyewe. Namba za swichi ya joto usiziamini. Nunua kipimajoto cha oveni, ukiweke juu ya waya. Washa dakika 20 mapema, ifike nyuzi 200. Trei ikae ngazi ya chini, maana koili ya juu iko karibu mno na huunguza vichwa kabla katikati hakujaiva. Trei moja inabeba shu 12 za upana wa sentimita 4, zikiachana nafasi kama hiyo hiyo. Usioke trei mbili kwa pamoja.

Dakika 20 za mwanzo mlango usiguswe. Kisha shusha hadi nyuzi 170, dakika 12 hadi 15 zaidi. Tazama mipasuko, si vichwa: ikiwa bado ya njano, kuta ni mbichi na zitanywea zikitoka. Zikiiva, toboa kila moja chini kwa kijiti cha meno, zirudishe kwenye oveni iliyozimwa, mlango ukiwa wazi kidogo, dakika 10 zikauke.

Kasoro zipo. Trei inayokuja nayo ni nyembamba, ikipata joto inajikunja na shu zinalala upande, tafuta nzito. Umeme ukikatika mapema, trei hiyo imekwenda, na hapo oveni ya gesi inaishinda. Lakini ya gesi yenye moto wa chini pekee huacha vichwa vyeupe huku matako yakiungua.

Za chini ya lita 30 usinunue kwa kazi hii. Shu ikipanda inaikaribia koili, na inaungua hata ukishusha joto.