Wiki moja ya kuvua Algarve kwa bajeti ndogo: uzoefu wangu

Kwa anayetaka jibu la haraka: ndiyo, unaweza kwenda kuvua baharini Ulaya wiki nzima bila kumaliza akiba yako, na Algarve, kusini mwa Ureno, ni pazuri kwa safari ya namna hiyo. Ila unafuu wenyewe haukutoka pale nilipoutegemea. Nilitumia majuma kadhaa nikisaka tiketi ya bei ya chini na chumba cha bei ya chini, na mwisho wa yote kilichoiokoa safari yangu ni kuutazama mwezi.

Nasema mwezi wa angani. Pwani ya Algarve iko kwenye Atlantiki, na wakati wa bamvu, yaani siku za maji makubwa karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kupita mita tatu. Maji mafu, yale ya siku za nusu mwezi, yakiingia, tofauti hiyo hupungua sana na samaki wa ufukweni huzubaa. Watu wengi hukata tiketi kwanza kisha huomba Mungu bahari iwe njema. Mimi nilianza na jedwali la maji, nikahesabu kuanzia mwezi mpevu wa Oktoba, halafu ndipo nikatafuta ndege. Pale Lagos, mji wa Algarve na siyo ule wa Nigeria, siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, maji hujaa jioni, jua likikaribia kuzama. Maana yake ni kwamba asubuhi yamekupwa, nawe una muda wa kutembea ufukweni na kuona kwa macho yako kile ambacho jioni kitakuwa kimefunikwa. Kila siku maji huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo ukifika siku ya kwanza ya dirisha hilo una jioni nne nzuri mbele yako kabla mambo hayajahama kuingia usiku.

Oktoba ina faida nyingine. Wageni wa kiangazi wameshaondoka, bei za vyumba zimeshuka, na bahari bado haijapoa sana. Nilichukua chumba chenye jiko Lagos kwa sababu reli ya Algarve inaishia hapo, na mabasi ya Sagres, mji mdogo wa kwenye kona ya kusini-magharibi, yanaanzia hapo hapo. Sikukodi gari hata siku moja. Kumbuka tu kwamba treni haifiki uwanja wa ndege wa Faro. Unapanda basi hadi mjini, kisha unaingia stesheni. Kama pasipoti yako inahitaji viza ya Schengen, unaweza kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari, na usisubiri wiki ya mwisho, kwa sababu siku 15 za kushughulikia maombi zinaweza kurefuka, na mwezi hautakusubiri.

Leseni ndiyo iliyonishangaza kwa wepesi wake. Ureno inataka leseni ya uvuvi wa burudani baharini, na unainunua kwenye mashine ya kutolea pesa, zile za mtandao wa Multibanco. Kuna ya siku, ya mwezi na ya mwaka, na kuna ya kuvua ukiwa nchi kavu na ya kuvua ukiwa chomboni. Angalia vizuri unabonyeza ipi. Risiti inayotoka ndiyo leseni yenyewe. Iweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho, kwa sababu karatasi ile ikipata maji ya chumvi wino wake unafutika.

Sheria nyingine nilizokuta zinaeleweka: kilo 10 kwa mtu kwa siku, bila kumhesabu samaki mmoja aliye mkubwa kuliko wote, na hairuhusiwi kuuza. Robalo asiyefika sentimita 36 anarudi majini, dourada 19, sargo 15. Hayo ni majina ya Kireno ya samaki wa pwani ile. Na kama unafikiria kwenda mwanzoni mwa mwaka, jua kwamba ndani ya hifadhi ya pwani ya kusini-magharibi, inayojumuisha upande wa Sagres, sargo hawavuliwi kati ya tarehe 1 Februari na 15 Machi. Soma tena sheria mwaka wako wa kusafiri, zinabadilika.

Sasa zana, maana hapa ndipo nina la kusema. Nilinunua fimbo ya safari ya vipande vinne, mita 2.7 ikiungwa, inayolala ndani ya sanduku la kawaida la nguo. Mashirika mengi ya ndege ya bei nafuu hutoza fimbo ndefu kama mzigo wa michezo, kwenda na kurudi, na ada hiyo peke yake ingeweza kununua fimbo yangu. Kwa hilo tu ilishalipa gharama yake. Ufukweni ilinifaa kuliko nilivyotarajia: ilirusha chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, ya gramu 60 bila kulalamika, na ncha yake ni laini kiasi cha kuonyesha samaki anayeonja tu.

Kasoro yake ni maungio. Jioni ya pili, upepo ulikuwa unapuliza mchanga, nikaiunga fimbo bila kufuta vipande. Usiku ule vipande viwili vya katikati vilikataa kuachana. Nilivuta, nikazungusha, nikahisi nyuzi za kaboni zinalia ndani, nikaacha. Kilichosaidia ni maji ya vuguvugu juu ya ungio la nje kwa dakika chache, kisha kuvuta moja kwa moja bila kuzungusha. Chembe tatu za mchanga zilikuwa zimejikita humo na kuchora mstari unaoonekana mpaka leo. Tangu hapo nafuta kila ungio kwa kitambaa kikavu na kupaka nta ya mshumaa kidogo. Mtengenezaji angepaswa kuliandika hilo kwenye karatasi yake. Hakuliandika.

Kasoro ya pili si ya fimbo, ni ya mahali. Kwenye majabali ya Sagres wenyeji huvua kwa fimbo za mita tano na zaidi, ili mshipi usisage mwamba. Fimbo yangu haikuwa na kazi pale juu. Na nasema bila kuzunguka: majabali yale marefu siyo ya mgeni. Watu wamekufa pale kwa kuteleza. Nilikaa kwenye miamba ya chini, kavu, ambayo niliitazama kwa nusu saa kabla ya kukanyaga, kwa sababu mawimbi makubwa huja kwa mafungu na dakika tano za utulivu hazikuambii chochote.

Uzuri wa kona ile ni kwamba una pwani mbili. Upepo wa kaskazini ukichafua upande wa magharibi, upande wa kusini umejificha. Ukivuma wa mashariki, ule wanaouita Levante, kusini kunachafuka na unageukia magharibi. Basi moja linakufikisha. Kwa mtu mwenye siku saba tu, hiyo ina thamani kuliko hoteli yoyote.

Nilijifunza zaidi kutoka kwa mzee mmoja niliyemkuta kwenye miamba, na hatukuwa na lugha ya pamoja. Alinitazama nikirusha mbali kwenye maji safi, akatikisa kichwa, akanionyesha kwa kidole povu jeupe chini ya miguu yetu. Sargo hula humo, mahali wimbi linapong'oa vyakula kwenye mwamba. Kisha akachukua sadini, akamkata kipande cha ubavu, akakilaza kwenye ndoana upande wa ngozi ukiwa nje, na kukizungushia uzi mwembamba wa mpira mara kumi hivi, haraka haraka, bila fundo. Akakata uzi kwa kuuvuta tu, unajishika wenyewe. Nyama ya sadini ni laini mno, na bila uzi ule inaruka peke yake hewani huku ndoana ikienda tupu. Baada ya hapo nilishusha chelezo, boya dogo la mshipi, karibu, kwenye povu, nikapata sargo wanne kabla ya giza, wawili wakarudi majini. Miba ya mgongoni ilinichoma, vidole vikavimba usiku kucha. Beba glavu.

Ufukweni, hasa Meia Praia ambao una urefu wa kama kilomita nne, kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi. Maji yakiwa yamekupwa nilitembea nikitafuta mashimo na vijito vinavyobaki na maji kati ya matuta ya mchanga. Kila nikikuta kimoja kizuri nilisimama nikitazama nyuma na kukipanga na kitu kisichohama, paa fulani, nguzo fulani. Jioni, bahari yote ikiwa sawa machoni, mimi najua shimo liko wapi. Robalo wangu pekee wa safari, sentimita 44 kwa tepu, alitoka katika shimo nililolikanyaga kwa miguu asubuhi ile.

Boti ndiyo sehemu niliyoijutia. Nililipia nusu siku kwenye chombo cha kushirikiana, fedha iliyokaribia kodi ya chumba changu kwa siku mbili. Tangazo lilisema zana na chambo vimo. Gatini tukaambiwa chambo kilichomo ni cha saa ya kwanza, baada ya hapo kila mtu anunue. Ndoana zilikuwa na kutu, na tulikuwa wengi upande mmoja kiasi kwamba mishipi ilisokotana kila chombo kilipogeuka. Nilimwambia msimamizi, akaniambia niandike barua pepe. Niliandika, sikujibiwa. Nahodha mwenyewe alikuwa mtu mwema na aliijua bahari yake, sina neno naye. Lakini ukitaka boti, uliza kwa maandishi maswali matatu kabla ya kulipa: watu wangapi kwa fimbo ngapi, chambo cha muda gani, na samaki atakayevuliwa ni wa nani.

Nikipewa wiki nyingine, fedha ya boti nitaiweka kwenye usiku mbili za ziada, niwe na jioni mbili zaidi. Fimbo nitarudi nayo ile ile, na nitaongeza fimbo ndefu ya kununua huko huko kama nitaipata iliyotumika. Kwa sasa imelala kitandani kwa vipande vinne, nimeiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na jedwali la maji la Lagos liko wazi mbele yangu. Natafuta mwezi mpevu unaoangukia katikati ya wiki, tiketi zikiwa bado rahisi.